Kitufe cha Mgeni na Mwenyeji

Kokoto za barabara itokayo makao makuu ya shamba la ngano kwenda Katesh zilikuwa jiwe. Naanza na hilo kwa sababu naona watu wanalisahau, na mimi kusahau sikufundishwa. Shule yangu iliishia darasa la nne, Dongobesh. Mengine nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia sukari, na niliyoyaokota sijayatupa.

Lilikuwa jiwe moja, kubwa kuliko ghala, limesimama peke yake kwenye tambarare na mlima Hanang mgongoni kwake. Shamba la serikali lilipotaka njia ya kupitishia malori yake, wakaleta baruti. Wakalipasua, wakalisaga, wakalimwaga barabarani na kulishindilia. Mkutano ukaitishwa, tukapiga makofi. Mimi nilikuwa dereva wa trekta pale wakati huo, kabla mdomo wangu haujanitoa kazini.

Mbele ya jiwe, mbali kidogo, palikuwa na kaburi. Wabarabaig wakimzika mzee mwenye heshima hawamfukii tu wakaondoka. Wanamjengea kilima cha miti na udongo, ukoo unakusanyika, wanakipandisha miezi na miezi huku wakiimba, na kilima kikiisha kinabaki hapo kwa vizazi. Kile kilikuwa cha baba yake Gidamis. Majembe ya trekta yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya kichuguu. Msimu uliofuata palikuwa na ngano tu, na upepo.

Mjane wa mzee yule ndiye Mama Gidamis, na habari hii ni yake.

Siku za maziko wanawake walipoimba, sauti zao zilikwenda zikagonga jiwe, zikarudi. Tangu hapo, kila alipopita na ndama zake, Mama Gidamis alisimama penye kilima akamsalimia mume wake, na jiwe likarudisha. "Ameitika," alikuwa akisema, kisha anaendelea na safari. Asicheke mtu. Mimi niliwahi kucheka, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Wewe Tluway, ukienda posta ya Katesh kupiga simu, unaongea na nani?"

"Na ndugu yangu aliye Arusha, mama."

"Unaongea na waya. Nani anakucheka?"

Jiwe lile lilikuwa na jina, jina la baba mkwe wake, aliyechungia ng'ombe kivulini mwake kabla hata Mzungu wa kwanza hajafika. Hapo ndipo penye ugumu. Mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe. Hatamki hata neno la kawaida linalofanana nalo. Analizunguka kwa neno jingine, na wanawake wenzake wanamwelewa. Ni heshima, na heshima hiyo haina likizo. Kwa hiyo Mama Gidamis alikuwa ameishi na jiwe lile tangu aolewe, na jina lake halijawahi kupita kwenye midomo yake. Alisema "lile la kule," au alitumia neno lake la kuzungukia.

Sasa sikilizeni walivyomfanya barazani.

Wafugaji walipolalamika kwamba ardhi yao imechukuliwa na makaburi yao yamelimwa, likaitishwa baraza la kusikiliza. Mwanasheria wa shamba, kijana mwenye tai na leso ya kujifutia vumbi, akamsimamisha Mama Gidamis.

"Mama, mahali hapo unapodai pana kaburi, panaitwaje?"

Mama akavuta shuka lake begani.

"Panaitwaje, mama? Si umeishi hapo?"

"Panaitwa," akasema Mama Gidamis.

Watu wa mbele, wale wenye viti, wakacheka. Alipobanwa tena akatoa neno lake la kuzungukia. Baada yake akasimama shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamume, akalitaja jina lenyewe. Kijana wa tai akageuka kwa furaha, leso mkononi: mashahidi wawili, majina mawili. Akafungua ramani. Pale penye jiwe ramani ilikuwa nyeupe. Baraza likaandika kwamba asili ya eneo hilo ni pori tupu lisilo na jina.

Asili! Nilisimama nikauliza ni nani aliyeihifadhi hiyo asili, alikuwa amesimama wapi alipokuwa akiiandika, na kama alitelemka garini. Nikatolewa nje na mgambo. Kazi ya trekta niliiacha hapo hapo mlangoni, wala sikuifuata.

Mwaka wa themanini na tisa mambo yakafika mwisho. Ukoo uliobaki ulikwisha kuhamia kusini na ng'ombe, kutafuta majani ambayo bado hayajapata mwenyewe mwenye mhuri. Gidamis, mtoto wa mwisho wa Mama, alikuwa amebaki naye, akilinda lango la klabu ya wafanyakazi wa shamba hilo hilo. Ng'ombe wao wachache wakaonekana ndani ya ngano. Gidamis akafungwa, akapelekwa gereza la mbali. Shemeji yule wa barazani, aliyekuwa bado kijijini Masakta, akamtafutia Mama nafasi kwenye lori la kwenda kusini kwa wanawe wengine. Lori lingempitia barabarani Jumamosi jioni.

Mama akasema sawa, ataondoka. Ila hawezi kuondoka bila kumuaga mume wake. Na atamuagaje mtu asiyeitika? Ukimuaga mtu akanyamaza, ujue amekukatalia safari.

 Hakutaka tena ardhi, hakutaka fidia. Alitaka aage na aitikiwe.

Kabla hajachukuliwa, Gidamis alimshika mkono Sebastiani. Sebastiani ni mtu wa kwetu Dongobesh, fundi umeme wa karakana, na Jumamosi alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya wafanyakazi. "Kaka," Gidamis alimwambia, "mashine yenu ya eko inarudisha sauti. Mtengenezee mama yangu lile jiwe."

Mashine yenyewe waliiacha wataalamu wageni mkataba wao ulipokwisha. Lilikuwa sanduku jeusi jembamba, pana kama sinia, lenye vitufe na kioo kidogo cha herufi za kijani. Sauti inaingia huku kwa mikrofoni, inatoka kule kwa spika, na hapo katikati inafanywa kuwa ya ukumbini, au ya kanisani, au ya kisimani. Sauti hizo ilitoka nazo kiwandani, kila moja na namba na jina lake. Ndizo zilizoitwa asili. Ukitaka, unachukua asili mojawapo unaibadilisha. Hapo nukta nyekundu inaanza kuwakawaka pembeni, kukuambia kwamba unachosikia sasa sicho kilichohifadhiwa. Na pana kitufe kimoja cha kulinganisha: ukikibonyeza unarudishiwa ile asili uisikie, ukikibonyeza tena unapewa ya kwako. Lakini ukizima mashine kabla hujahifadhi, ya kwako imekwenda. Inabaki ya kiwandani.

Ijumaa asubuhi tulimkalisha Mama Gidamis kwenye kiti katikati ya klabu, na vazi lake la ngozi na bangili zake za shaba, mahali ambapo wenye bangili hizo walikuwa hawakaribishwi. Letisia, mfagiaji wa klabu, alimletea chai. Sebastiani akamweleza habari za asili na nukta na kulinganisha, taratibu, kama anavyoeleza kila kitu.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo humo kuna mgeni na kuna mwenyeji."

"Yupi mgeni, mama?"

"Huyo aliyekuja na sanduku."

Mimi nilitamani wale wa barazani wangekuwepo.

Sebastiani akachagua asili iliyoitwa Ukumbi Mkubwa, maana ilikuwa ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote, akaanza kuibadilisha. Mama akaisogelea mikrofoni akaita salamu yake kwa Kibarabaig. Ikarudi.

"Huyo yuko chooni," akasema.

Letisia aliangusha ufagio kwa kucheka. Sebastiani, aliyekuwa ameanza kujisikia, akazungusha tena.

"Na huyo?"

"Ana haraka. Mume wangu hakuwa mtu wa kunirukia mdomoni. Ukimsalimia anakuacha kwanza, ujiulize kama amekasirika."

Sebastiani akaongeza muda wa sauti kukawia kabla ya kurudi. Mama akaita tena.

"Sasa anasema, anasema, anasema. Huyo ni mlevi. Yeye alisema mara moja. Ya pili alisema chini, kama mtu anayejisemea."

Akapunguza marudio. "Ana meno," akasema Mama, na hapo hata mimi sikuelewa, lakini Sebastiani alielewa: akaondoa ukali wa juu, akaacha uzito. Kila alipofika mahali alibonyeza kitufe cha kulinganisha ili wote wawili wapumzishe masikio. Mgeni. Mwenyeji. Mgeni. Mwenyeji. Mama akajifunza kukibonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama anayebisha hodi.

Tuliacha, tukarudi kesho yake. Mashine ilikuwa imelala ikiwaka, Sebastiani alikuwa ameomba umeme wa karakana usizimwe; ulikuwa msimu wa mavuno, jenereta kubwa haikulala. Jumamosi hiyo jua halijapanda sana, Sebastiani akagusa kitu kimoja kidogo tu, sijui kipi, akasema, "Mama, jaribu."

Mama akaita.

Kimya kikapita, kile cha kujiuliza kama amekasirika. Halafu ikaja. Mara moja, ikitoka mbali na mahali wazi, nzito, na nyuma yake ya pili, chini kabisa. Mimi nililijua jiwe lile. Nilikuwa nimepiga mluzi mbele yake mara nyingi. Lilikuwa lile lile.

Mama Gidamis hakusema ndiyo wala hapana. Alivuta shuka lake akajifunika uso. Ndani ya shuka akaita tena salamu, mara hii kwa sauti ya kike kabisa, ya mtu anayeingia nyumbani kwake; ikaitikiwa. Letisia akatoka nje.

Baadaye akajifunua. "Sasa mchukueni kule," akasema.

"Kule penye kilima, mama?"

"Kwake. Siagani na mume wangu mahali pa kunywea bia."

Hilo tulikuwa tumelipanga tangu mwanzo. Bendi ilikuwa na jenereta ndogo ya muziki wa nje; spika ingesimamishwa pale lilipokuwa jiwe, yeye angesimama ndani ya ngano penye kilima, nami nilikwisha kumwomba dereva mmoja wa trekta, mwenzangu wa zamani, atupe tela saa ya mapumziko. Lakini kuihamisha mashine ni kuizima. Na kuizima ni lazima kwanza uhifadhi.

Sebastiani akabonyeza cha kuhifadhi. Kioo kikafuta maneno, kikabaki na kistari kinachopepesa. Mashine ile ilikuwa haikubali kuhifadhi mpaka uipe sauti jina jipya, ili ya kwako isije ikachanganywa na ya kiwandani.

"Inataka jina," akasema Sebastiani. "Mama, tuandike nini?"

Mama Gidamis akakitazama kile kistari. Nikaona uso wake ukirudi barazani.

"Jina la jiwe," akasema.

"Ndiyo, mama. Linaitwaje?"

"Linaitwa."

Hakuna aliyecheka mara hii. Mimi ni Mwiraqw, Sebastiani ni Mwiraqw, Letisia alitoka Singida. Kwetu sisi madereva lilikuwa "jiwe" tu, na siku ile barazani shemeji yake alipolitaja, kelele za wenye viti zililimeza. Waliolijua walikuwa kusini na ng'ombe, au gerezani, au Masakta.

"Tuandike lile neno lako la kuzungukia," nikamwambia.

"Lile ni la kumkwepa. Unamwita mtu kwa neno la kumkwepa?"

"Basi Baba Gidamis."

"Jiwe sio Baba Gidamis. Jiwe ni la baba yake. Mwite kwa jina la uongo, hataitika. Kule tulipokwenda kwa wenye viti walimwita pori tupu. Umesikia ameitika?"

Sebastiani akanivuta pembeni. "Tluway, naandika JIWE, basi. Hasomi, hatajua."

"Tumewafanyia mangapi kwa sababu hawasomi?" nikamwambia. Akaangalia chini. Akaghairi, akarudisha kioo kilivyokuwa, na nukta nyekundu ikaanza tena kuwakawaka.

Nikachukua baiskeli yake nikaenda Masakta.

Njia ile kwa baiskeli ni vumbi na upepo wa kifuani, na pande zote mbili ngano, ngano ambayo hata mtu mmoja wa Masakta hakuwa amekula mkate wake. Nilimkuta shemeji yake Mama akifunga mizigo ya Mama kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lori limeharibika?"

"Hapana, mzee. Nimetumwa jina la lile jiwe."

Akaiacha kamba. "Nani anataka? Wale wa tai?"

"Mama Gidamis."

Nikamweleza. Alikuwa mtu mkavu, mwenye jicho moja lenye ukungu. Aliponisikiliza alikaa juu ya mzigo, akalitamka jina la baba yake polepole, akanitaka nilirudie. Nikakosea. Akanisahihisha. Nikalirudia mpaka akaridhika.

"Tangu baraza hakuna aliyeniuliza," akasema. "Siku ile nililisema, nikaambiwa nimemfanya shemeji yangu mwongo. Haya, nenda. Lishike vizuri, usiliangushe njiani."

Nililishika. Nilikanyaga baiskeli nikilitamka kwa kila mzunguko wa pedeli, na watu wa njiani wakadhani Tluway sasa amepata wazimu kamili.

Nilipoingia uwanja wa klabu nilimwona Letisia amekaa kwenye ngazi, ufagio umelala. Akaniona, akainuka, akakaa tena.

"Kaka Tluway," akasema, "Nicodemo alikuja."

Nicodemo alikuwa msimamizi wa klabu. Ningefurahi kuwaambia kwamba alikuwa mtu mbaya, maana watu wabaya ninawajua namna ya kuwashika. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga viti vikae mstari mmoja. Sebastiani alikuwa ameitwa karakana, mashine ya kuvunia imekata umeme katikati ya shamba, na fundi ni yeye. Akamwachia Mama ailinde ile nukta. Mama akakaa nayo. Nicodemo akaingia kuandaa ukumbi kwa ajili ya sherehe ya mavuno, akamkuta bibi wa Kibarabaig ndani ya klabu yake, na Letisia anasema hakumfukuza. Alimwamkia shikamoo. Akamletea soda, akaifungua mwenyewe. Kisha akaiona nukta nyekundu.

Wataalamu walipoondoka walimfundisha jambo moja tu kuhusu mashine ile: ukikuta nukta inawaka, ujue mtu ameichezea, bonyeza hapa, irudi kwenye asili yake.

"Mama akamshika mkono," Letisia akasema. "Akamwambia, baba, usiguse, mna mtu humo. Yeye akamwambia kwa upole tu, mama, humu hamna mtu, hii ni mitambo. Akabonyeza. Nukta ikazimika. Akasema, haya, nimeirudisha ilivyokuwa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo! Ningesema nini? Mimi ni wa ufagio." Akaanza kulia, nikajuta kumuuliza.

Ndani, Sebastiani alikuwa amerudi. Mikono ilikuwa na oili ya mashine ya kuvunia, na kwa mikono hiyo hiyo alikuwa akibonyeza kitufe cha kulinganisha. Ukumbi Mkubwa. Tena. Ukumbi Mkubwa. Pande zote mbili sauti ilikuwa ile ile. Sanduku lilikuwa limebaki na mgeni peke yake, analinganishwa na nafsi yake.

"Itengeneze upya," nikamwambia.

"Naitengeneza."

"Si ulikuwa umefika? Rudia ulivyofanya."

"Tluway, sikufanya kwa namba, nilifanya kwa masikio yake," akasema bila kugeuka. "Nyamaza kidogo, ndugu yangu."

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa Singida. Soda ya Mama Gidamis ilikuwa mezani haijanywewa. Sebastiani alizungusha, akaongeza kuchelewa, akapunguza marudio, akaondoa meno. Mama aliita alipoambiwa aite. Hapana. Akaita. Hapana. Tulisikia lori likipiga honi mbali barabarani, likipakia watu wengine. Sebastiani akaisogelea zaidi meza. Aligusa kitu, akakirudisha, akakigusa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na oili.

"Mama," akasema, "jaribu hii."

Mama akaita. Kikapita kimya. Ikarudi, nzito, na ya pili kwa chini. Ilikuwa karibu sana. Ilikuwa kama ndugu wa jiwe.

Mama Gidamis alimtazama Sebastiani, akaitazama mikono yake.

"Ndiyo," akasema. "Ndiye huyo. Asante, mwanangu."

Sebastiani akainamia meza kwa furaha. Akabonyeza cha kuhifadhi haraka, kistari kikaanza kupepesa. "Tluway, jina! Umelipata? Taja!"

Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nilifungua mdomo. Mama Gidamis akaniwekea kiganja kifuani, bangili zikagongana.

"Usilitaje," akasema. "Umetoka mbali na baiskeli. Kaa unywe soda."

Hapo ndipo tulipojua. Alikuwa hajajifunika uso. Alikuwa hajaita mara ya pili. Alimwambia Sebastiani ndiyo kama unavyomwambia mtoto aliyekuletea maji machafu kwenye kikombe: unashukuru, unakishika, hunywi. Uongo wa kumfariji mtu aliuweza. Lakini jina la baba mkwe wake lisingewekwa juu ya mgeni.

Sebastiani akanyanyua kidole kutoka kwenye mashine. Kistari kiliendelea kupepesa, kikisubiri jina. Hakuna aliyekipa.

"Twende ukaage kule shambani, mama," nikasema. "Hata bila mashine. Trekta ipo."

"Nitasimama pale niite, halafu?" akaniuliza. Nikaishika ile soda. Mimi, ambaye barazani nilikuwa na majibu ya kila mtu.

Tukamsindikiza. Kutoka klabu hadi lilipokuwa lori ni mwendo wa barabara ile ya kokoto. Mama Gidamis hakuikanyaga. Sikuwahi kuliona jambo hilo kabla ya jioni ile, ingawa nilikuwa nimemwona akipita miaka yote: alitembea pembeni, kwenye miiba na mabua, ngozi yake ikikwaruzwa. Letisia akamwambia, "Mama, panda huku juu, kuna njia nzuri."

"Hapo kuna mtu," akajibu.

Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Dereva akapiga kelele kwamba bibi afanye haraka, safari ni ndefu. Sebastiani alijua la kufanya kabla yangu. Akaenda akazungumza na dereva, wakagombana, mwishowe dereva akalirudisha lori nyuma, tairi mbili zikaingia kwenye nyasi, na Mama akapandia upande huo. Shemeji yake, aliyekuja na mizigo, akampokea kwa juu. Alikaa akiwa ameupa mlima uso na ngano mgongo.

Lori lilipoondoka lilirudi barabarani, maana njia nyingine haipo. Kokoto zilianza kulia chini ya matairi. Nikamwona anavuta shuka, anajifunika. Kama aliita kitu ndani ya shuka hilo, injini ilikuwa juu, sikusikia. Na kama aliitikiwa sijui.

Hakufika msimu wa pili huko kusini. Gidamis alipotoka gerezani alikuta habari tu, na hakuna kilima kilichojengwa, kwani hawakuwa na ardhi ya kumjengea mtu kilima.

Shamba nalo lilikuja kufa, kama mnavyojua, mashine zikaota kutu, na wakubwa wakasema ardhi sasa irudishwe kwenye matumizi yake ya asili. Nilikuwa kwenye mkutano huo. Nikasimama, mvi zote hizi, nikauliza: asili ipi? Iliyohifadhiwa na nani? Kijana mmoja mwenye ramani akaniambia, mzee, tutajie basi hapo palipokuwa na jiwe palikuwa panaitwaje, tujaze.

Jina ninalo. Mzee wa Masakta alinikabidhi, na tangu siku ile sijaliangusha. Nililitazama lile karatasi lake jeupe, nikaona mgeni.

"Panaitwa," nikamwambia, nikatoka.

Baiskeli yangu nilikuwa nimeiegesha ng'ambo ya barabara. Nikaifuata kwa kuzunguka mbali, hadi kwenye karavati, nikapita chini yake nikiwa nimeinama. Watoto wa shule walikuwa wananitazama. Kisha nikaikokota nikaelekea Katesh kwa pembeni, kwenye miiba, nikiwa nimeiacha barabara nzima tupu.